Chombo Nacho Kinatembea

Hotuba niliyoitoa hapa Mwanza mbele ya wahitimu wa kidato cha sita wanaojiandaa kwenda chuo kusoma fizikia na uhandisi, wakiwa na wazazi na walimu wao. Naiweka yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliojaza ukumbi huu tangu asubuhi: mwangaluka!

Nimeombwa nizungumzie somo moja tu, mekanika: somo la mwendo wa vitu na kani, yaani kusukuma na kuvuta, zinazoubadilisha. Karibu kila mmoja wenu atakutana nalo mwaka wa kwanza, awe anakwenda kusoma fizikia, ujenzi au umeme. Na karibu kila mmoja ataingia darasani akiamini analijua tayari. Si mmelisoma tangu sekondari? Si mmelifanyia mtihani wa taifa mkafaulu? Nami niliingia hivyo hivyo. Nataka niwaambie kilichonipata.

Jaribio la kwanza la muhula wa kwanza lilikuwa na swali hili. Kuna kabari, kipande chenye mteremko, imewekwa kwenye sakafu laini isiyo na msuguano. Juu ya mteremko wake kumewekwa kipande kidogo, nacho hakina msuguano. Kikiachiwa, kitashuka kwa mchapuko gani, yaani kasi yake itaongezeka kiasi gani kila sekunde? Nilifurahi nilipoliona. Swali la kipande na mteremko nilikuwa nimelifanya mara nyingi mno kwenye pasti pepa, mitihani ya miaka iliyopita, jibu lake nalijua hata usingizini. Nikaandika g sin θ, g ikiwa mchapuko wa kitu kinachoanguka huru na θ pembe ya mteremko, nikapiga mstari chini yake, nikageuza ukurasa.

Nilipata sifuri kwenye swali lile. Jaribio zima nilipata 19 kati ya 100.

Nyumbani waliuza ng'ombe wawili ili nifike chuo. Usiku ule sikulala. Wenzangu walikuwa wameshaanza kuitana majina ya watakaodisko, yaani watakaoondolewa chuo kwa kufeli, na nilijua langu limo. Nikafanya walichofanya wengi: nikatafuta madesa zaidi, majibu na noti za kunakili, nikakariri zaidi, nikakesha zaidi. Jaribio la pili, 27. Ndugu zangu, mtu anaweza kufanya kazi kwa bidii usiku na mchana, akawa anachimba kisima mahali pasipo na maji.

Likizo ilipofika nikarudi kwetu, kijiji kilicho ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa. Alfajiri moja nilishuka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kumpokea. Mtumbwi ukaja, taa bado zinaning'inia, na omo, ncha yake ya mbele, likasimama kama nusu mita kutoka kwenye gogo tunaloshukia. Kijana mmoja wa kazi, mgeni bado, alikuwa ameketi tezi, kule nyuma. Akanyanyuka, akajitwisha beseni la dagaa, akatembea haraka kuelekea omo ili arukie gogo. Kila hatua aliyopiga kuja mbele, mtumbwi ulirudi nyuma. Alipofika omo, ile nusu mita haikuwa nusu mita tena. Akaruka, akaishia majini, maji ya kiuno, na dagaa wakatapakaa wakimeremeta pande zote.

Mjomba hakumtukana. Alisema kwa uchovu, kama mtu aliyelisema neno hilo mara nyingi: "Nimekwambia, ukitembea, chombo nacho kinatembea."

Nilisimama pale na kamba mkononi. Chombo nacho kinatembea. Kabari nayo inatembea! Swali lilisema sakafu haina msuguano. Nani aliniambia kabari imetulia? Hakuna. Nilikuwa nimekariri jibu la swali jingine, la kabari iliyogandamana na meza, nikalipachika hapa bila kukitazama kitu kilichokuwa mbele yangu.

Tuifanye hesabu ya mtumbwi, maana ni fupi na nzuri. Tuseme kijana na beseni lake ni kilo 60, mtumbwi kilo 120, na kutoka tezi hadi omo ni mita 3. Kwa mlalo, hakuna kitu cha nje kinachowasukuma, tukiacha upinzani wa maji kwa sasa. Yeye anausukuma mtumbwi nyuma kwa miguu, mtumbwi unamsukuma yeye mbele, na hizo ni kani za ndani kwa ndani. Basi kitovu cha uzito cha wote wawili, mahali uzito wao unaposawazika, hakina sababu ya kusogea. Kikae palepale, ni lazima kijana aende mbele mita 2 ukipima kutoka nchi kavu, na mtumbwi urudi nyuma mita 1. Jumla yake ni zile mita 3 alizotembea. Ile nusu mita ikawa mita moja na nusu. Majini kweli inapungua kidogo, kwa sababu maji yanauburuta mtumbwi, lakini yule kijana hakuanguka kwa uzembe. Aliangushwa na sheria ya Newton.

Watu wa Pwani wana msemo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni tumbo la chombo, na wao wanausema kwa maana yao. Mimi kila nikiusikia naona kile kitovu kimetulia katikati ya chombo, watu wanapita juu yake huku na huko.

Na mvuvi mzoefu hufanyaje? Anauchomeka upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, kwenye tope kwanza, ndipo watu watembee. Sasa kipo kitu cha nje kinachoushika mtumbwi, na hesabu inabadilika. Mjomba hakuandika mlinganyo, lakini alijua ni nini kinaugusa mtumbwi na ni nini hakiugusi.

Kuanzia siku ile kila swali la mekanika nimelianza kwa maswali mawili, na ninawaomba myachukue leo. Kitu ni kipi? Nani anakigusa? Kabla ya fomula, kabla ya kikokotoo, kabla ya kukumbuka ulifanya nini kidato cha tano. Kitu ni kipi? Chagua kimoja, kichore peke yake, kitenge na dunia nzima. Nani anakigusa? Kila anayekigusa mchoree mshale wake: sakafu, kamba, maji, upepo. Mwisho ongeza Dunia, ambayo inavuta bila kugusa. Mshale usio na mwenyewe ufute. Ukimaliza hapo, mlinganyo unajiandika. Usipofanya hivyo, utakuwa unabahatisha kwa herufi za Kigiriki.

Hapa niseme neno kuhusu lugha, kwa kuwa naona walimu wa msingi mpo. Mtoto akiwa darasa la tano anajifunza kani, nishati, egemeo, msuguano. Akiingia kidato cha kwanza tunampokonya maneno hayo yote, tunampa mengine ya kigeni, na tunashangaa anakariri. Lakini hata mtaani Kiswahili chetu kina mtego wake. Neno "nguvu" tunalitumia kwa kila kitu. Mwenye misuli ana nguvu, injini ina nguvu, betri imeisha nguvu, msukumo nao ni nguvu. Fizikia inatenganisha. Kani ni kusukuma au kuvuta. Kazi ni kani iliyosogeza kitu kuelekea upande wake. Nishati ni akiba inayowezesha kazi. Nguvu ni wepesi wa kuifanya hiyo kazi, kiasi gani kwa kila sekunde.

Mtazame mbeba mizigo pale soko la samaki la Kirumba, amesimama na gunia la dagaa mgongoni akisubiri gari. Jasho linamtoka. Je, anafanya kazi juu ya gunia? Gunia halijasogea. Kwa mekanika, kazi juu ya gunia ni sifuri. Mwanafunzi wangu mmoja alikasirika niliposema hivyo, kwa sababu baba yake alimsomesha kwa kubeba magunia. Alikuwa na haki ya kukasirika, na nilimjibu hivi: misuli haikazi kama nguzo inavyokaza. Nyuzi zake zinajikunja na kulegea bila kupumzika, zinachoma chakula, zinatoa joto. Nishati ya baba yako inatumika kweli, mwilini mwake. Ndiyo maana meza ikilibeba gunia lilelile haichoki. Tofauti hiyo ukiielewa, hutaichanganya kani na kazi mpaka unazeeka.

Jambo jingine mtakalokutana nalo mapema. Zile fomula tatu za mwendo mlizozibeba tangu sekondari zina sharti: mchapuko usibadilike. Ziwani ni wapi mchapuko haubadiliki? Zima injini ya boti katikati ya maji. Ikiwa na kasi kubwa, maji yanaipinga sana. Kasi ikipungua, upinzani nao unapungua. Tuseme upinzani unakwenda sambamba na kasi, na ndani ya sekunde 5 kasi imebaki nusu. Sekunde 5 nyingine itabaki nusu ya hiyo nusu, halafu nusu tena. Kwa boti halisi upinzani hufuata zaidi mraba wa kasi, na sura ya jibu inabadilika. Fomula zenu tatu hazina la kusema hapa. Ndipo kalkulasi, hesabu ya vitu vinavyobadilika, inapoacha kuwa somo la pembeni na kuwa lugha ya somo lenyewe. Kozi ya hesabu ya mwaka wa kwanza msiichukue kama adhabu. Anayeiacha ataona mekanika imefungwa kwa kufuli.

Sasa naingia mahali pazito.

Sisi watu wa ziwa hili hatuwezi kuzungumzia usawa wa vyombo kama mfano wa kitabuni. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu wetu. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia kisiwa cha Ukara, ikiwa imezidisha abiria, na zaidi ya watu 200 walikufa. Humu ndani wamo waliozika. Naomba tukae kimya kidogo.

Asanteni.

Mnalijua Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama ziwani hapa Mwanza, kila mgeni hupigwa picha nalo. Kwa nini halianguki? Kwa sababu ukishusha mstari wima kutoka kitovu chake cha uzito, unaangukia ndani ya sehemu lilipokalia. Kikalio chake hakihami. Chombo cha majini ni tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoua.

Chombo kikiwa wima, uzito unavuta chini kupitia kitovu cha uzito, na maji yanasukuma juu kupitia kitovu cha ile sehemu iliyozama. Kani mbili, mstari mmoja. Chombo kikiinama kidogo kulia, umbo la sehemu iliyozama linabadilika, na msukumo wa maji unahamia kulia pamoja nalo. Kani mbili haziko tena kwenye mstari mmoja: moja inavuta chini hapa, nyingine inasukuma juu pale, na kwa pamoja zinakizungusha chombo kirudi wima. Hiyo ndiyo salama yetu kila wimbi linapopita.

Sasa pandisheni magunia juu ya sitaha. Jazeni watu juu, wasimame. Kitovu cha uzito kinapanda. Inafika mahali ambapo chombo kikiinama, mstari wa uzito unahamia upande ulioinama mbali kuliko mstari wa msukumo wa maji. Kani ni zilezile mbili. Zilizokuwa zinakiinua ndizo zinazokipindua. Na abiria wakikimbilia upande mmoja kwa hofu, wanamalizia. Nahodha anapowaambia "kaeni chini, msisimame", hawafokei bure. Anakishusha kitovu cha uzito kwa njia pekee aliyonayo wakati ule. Vijana, kuna mmoja wenu hapa ambaye miaka kumi ijayo atapewa karatasi asaini kwamba chombo fulani kinafaa kubeba watu idadi fulani. Siku hiyo hakuna desa. Kitu ni kipi? Nani anakigusa? Na kikiinama, kani zinahamia wapi?

Nirudi chuoni. Mkimaliza kuizoea njia ya Newton, mwaka wa pili hivi, mtakutana na njia nyingine, na wengi hudhani ni somo jipya. Newton alichapisha kitabu chake kikuu mwaka 1687, kwa Kilatini, kimejaa michoro ya jiometri. Ukifungua kurasa zake hutaikuta F = ma mliyoizoea; kuiandika kwa milinganyo ya kalkulasi ni kazi ya waliokuja baada yake, mwanahisabati Euler akiwa mmoja wa wakubwa. Na mabinti mliopo hapa, lishikeni jina la Émilie du Châtelet. Ndiye aliyekitafsiri kitabu hicho kwa Kifaransa na kukifafanua, akiwa mjamzito, akishindana na siku. Alikufa Septemba 1749, siku chache baada ya kujifungua. Tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1759.

Kisha akaja Joseph-Louis Lagrange, mzaliwa wa Turin. Mwaka 1788 alichapisha mekanika nzima katika kitabu ambacho alitangaza mwanzoni kwamba hakina mchoro hata mmoja. Aliwezaje? Alibadilisha swali. Newton anauliza: nani anakigusa? Lagrange anauliza: kiko huru kwenda wapi?

Ifikirieni taa inayoning'inia kwenye mti wa mtumbwi wa dagaa usiku. Kwa Newton lazima ushughulike na mvuto wa kamba, unaobadilika kila wakati, ingawa hauna haja nao. Kwa Lagrange unajiuliza: taa iko huru kwenda wapi? Kamba hairefuki. Ikiyumba upande mmoja tu, kitu kimoja tu kinabadilika, nacho ni pembe. Andika nishati ya mwendo kwa hiyo pembe, toa nishati ya mahali, ile inayotokana na kuinuka kwa taa, pitisha kwenye mlinganyo wake, na mwendo unatoka. Kamba haikutajwa kabisa.

Na ile kabari yangu? Kiko huru kwenda wapi? Kabari inateleza sakafuni, namba moja. Kipande kinashuka kwenye mteremko, namba ya pili. Nusu ukurasa, umemaliza. Kama kabari na kipande vina tungamo sawa, yaani kilo sawa, na mteremko ni nyuzi 30, kipande kinashuka kwenye mteremko kwa mchapuko wa 0.8 ya g. Mimi niliandika 0.5. Nilipoipata ile 0.8 kwa mkono wangu, mwaka mzima baada ya ile sifuri, nilitoka nje ya bweni nikatembea peke yangu gizani kwa furaha.

Mwalimu mmoja hapo mbele aliniuliza kabla hatujaanza: haya yote ya Ulaya yana habari gani na Mwanza? Nimpe mfano. Mwaka 1851 Léon Foucault alitundika tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67 ndani ya Panthéon jijini Paris, akaliachia libembee. Mstari wa kubembea ukawa unageuka polepole, kwa sababu Dunia inazunguka chini yake. Paris, duara zima huchukua karibu saa 32. Ukitundika hapa Mwanza? Tuko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Chukua mzunguko wa Dunia, karibu saa 24, gawanya kwa sin ya nyuzi 2.5: unapata siku kama 23, na kwa kuwa tuko kusini, ungegeuka kinyume na ule wa Paris. Fomula ni ileile, lakini jibu ni la Mwanza peke yake. Na sasa mnajua la kumjibu yule anayewaonyesha watalii kwenye mstari wa Ikweta, kule Uganda na Kenya, kwamba maji ya beseni yanazunguka kulia hatua chache upande huu na kushoto upande ule. Athari ya mzunguko wa Dunia karibu na Ikweta ni ndogo mno kwa beseni. Maji yanazunguka kwa jinsi alivyoyamimina.

Kuhusu kusoma kwenyewe nina machache. Someni watatu au wanne, na mmoja aeleze kwa Kiswahili ubaoni mpaka wenzake waridhike. Ukishindwa kulisema kwa lugha uliyonyonya nayo, bado hujalielewa. Pasti pepa ziacheni mpaka wiki za mwisho. Ukikwama kwenye swali siku mbili usione aibu, mimi bado nakwama.

Sasa tunatoka nje. Nimeleta nyuzi za nyavu na nati nzito za boti, ziko kwenye kapu pale mlangoni. Kila kundi lipime urefu wa mita 1 kutoka mahali mlipofunga hadi katikati ya nati. Mara ya kwanza vuteni kidogo tu, hesabuni kwenda na kurudi mara 10 kwa saa ya simu. Mtapata sekunde 20 na kidogo. Mara ya pili vuteni hadi nyuzi 60 kutoka wima, mhesabu tena 10. Mtapata zaidi ya 21, ingawa fomula ya kidato cha tano inasema ukubwa wa mbembeo hauna neno. Andikeni namba zote mbili. Nataka kila kundi liniambie, kabla hatujala, fomula ile iliposhindwa ilikuwa imefikiria nini ambacho si kweli. Wazee wetu, ninyi mkae kivulini na mtusaidie kuhesabu.